Kalamu ya Kumchora Fausta

Wazee wakisema mchagua jembe si mkulima, hawana maana kwamba jembe lolote linafaa. Jembe linalochomoka mpini nalo hupoteza siku. Wanamsema yule anayesimama dukani akipima majembe, hili zito, lile jepesi, hili halina mng'aro, huku mvua imeshanyesha na wenzake wamefika katikati ya shamba. Mtu huyo ukimtazama vizuri utagundua kwamba jembe halina kosa. Analiogopa shamba. Yalimkuta hayo Verdiana wa Kawajense, hapa Mpanda mjini, na kisa chake kilikuwa kalamu.

Verdiana alikuwa fundi wa vitambaa vya makochi na vya meza. Maua na ndege alivichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi kabla ya kuvidarizi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayechambua mchele. Bibi harusi aliyeingia kwake bila kitambaa cha Verdiana, majirani walimwonea huruma. Aliishi na baba yake, mzee Makarius, mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe, aliyehamia kwa binti yake baada ya mkewe Fausta kufariki.

Mvua za kwanza zilipoanza mwaka ule, macho ya mzee yalianza kufifia kama taa inayoishiwa mafuta. Hospitalini wakasema ni presha ya macho. Wakampa dawa ya matone, lakini daktari hakumficha kitu.

"Mzee wangu, kilichopotea hakirudi. Hiki kilichobaki tutakishikilia kidogo, ila mvua zikiisha sidhani kama utaona zaidi ya mwanga na kivuli. Kama kuna kitu unatamani kukiona, kione sasa."

Nyumbani mzee alikula, akanawa, akakaa.

"Verdiana."

"Abee, baba."

"Nataka kumwona mama yako."

Verdiana alishtuka, sahani nusura imponyoke. "Baba! Usiseme maneno hayo!"

"Nyie watoto nanyi! Nimesema nataka kumfuata? Nataka kumwona. Nichoree. Wewe si mchoraji? Au unajua kuchora kasuku tu?"

Picha ya Fausta haikuwepo. Alikuwa na moja tu, ya siku ya kipaimara, nayo mchwa waliila pamoja na fremu kule Mpimbwe. Alifariki kabla simu za kupiga picha hazijafika kwao. Uso wake ulikuwa umebaki ndani ya vichwa vya watu wachache, na Verdiana alikuwa mmoja wao.

"Nitakuchorea, baba," alisema.

Alitaka kwanza kujua mzee anaona mstari wa namna gani. Akachora ua kwa kalamu ya risasi, akampelekea.

"Unaona nini?"

"Naona karatasi."

Akachora kwa peni ya kawaida.

"Hapo naona kama unywele umeangukia karatasi. Utoe."

Jirani yake Kija, mama wa Kisukuma aliyeuza mchele sokoni, akamletea maka peni ile anayoandikia bei kwenye magunia. Wino wake ukasambaa kwenye karatasi, kila mstari ukawa mnene sawasawa, hakuna mwembamba wala mnene. Mzee akakenua meno kwa furaha.

"Hii naiona! Umechora tairi."

"Ni waridi, baba."

"Basi mama yako usimchore kwa hiyo. Hakuwa tairi."

Hapo ndipo Verdiana alipokumbuka mtu aliyewahi kumwona kwenye simu akichora uso kwa kalamu ya wino ya kizamani, ile inayonyonya wino kwenye chupa, yenye ncha ya bati iliyopasuliwa katikati. Ncha ikilazwa kwa upana wake, mstari ulitoka mweusi na mnene kama mkia wa ng'ombe. Mchoraji akiigeuza ubavu, mstari uleule ulikonda kama unyoya. Kalamu ya namna hiyo ingeweza kuchora shavu la mtu, na mzee angeliona.

Akaenda kwa Rénovat, mtu wa Katumba aliyeuza madaftari karibu na soko.

"Ya ncha pana?" Rénovat alikuna kichwa. "Ninayo moja tu. Wanafunzi hawaitaki, wanasema ni ya mganga wa kienyeji."

Ilikuwa kalamu nyeusi isiyo na urembo, na bei yake haikuzidi kilo mbili za mchele. Verdiana akaichovya, akaijaribu kama watu wote wanavyojaribu kalamu dukani, kwa kuandika jina lake. Lo! Ncha ile ilikuwa pana mno kwa herufi ndogo. Matundu ya herufi yote yakajaa wino, jina likawa kama msafara wa siafu uliokanyagwa.

"Inameza herufi," alisema akiirudisha.

"Ndiyo maana imekaa mpaka boksi limepauka," Rénovat akakubali. "Pole, dada yangu. Ubaya wake unaonekana."

Verdiana akaagiza nyingine Mwanza, ikaja kwa basi. Ilikuwa na rangi ya dhahabu, imelala ndani ya kiboksi chenye kitambaa laini kama pete ya ndoa. Akaandika jina lake. Likatoka jembamba na zuri kama la kwenye cheti. Akafurahi, akachora ua, akakimbia nalo kwa mzee.

"Karatasi tena?" mzee akauliza kwa upole.

Akaagiza ya tatu, Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa pana kidogo, ila ilivuja usiku kucha juu ya vitambaa vya bibi harusi wa watu, ikabidi avidarizi upya. Akaanza kuuliza ya nne. Akajiunga na kundi la wachoraji kwenye simu, na huko kila mtu alikuwa na kalamu yake anayoiapia. Mmoja alisema wino wa bluu. Mwingine alisema wino mweusi, na karatasi nzito. Wa tatu alisema bila kalamu ya ng'ambo asijisumbue. Verdiana alisoma yote, na kila siku alipolala alijiambia kwamba kazi inaendelea.

Kule kwenye mashamba ya Mwamkulu mpunga ulikuwa umeshapandikizwa, ukashika, ukaanza kufunika maji. Macho ya mzee yalikwenda kinyume na mpunga. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akasingizia kikombe. Asubuhi moja alilikaribisha koti lililotundikwa ukutani. "Pita, pita ukae," aliliambia, na lilipokaa kimya akanung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Verdiana alicheka pamoja naye, kisha akaenda jikoni kupangusa macho, akasingizia moshi.

Siku hiyohiyo Kija alipita, ungo kiunoni.

"Kalamu imefika?"

"Bado. Kuna moja nimeambiwa ni nzuri sana, ila..."

"Mayu wane, mama yangu wee! Wewe dada, unatafuta kalamu au mchumba? Hii fupi, ile inavuja, ile haina rangi. Mimi mume nilimchagua kwa jioni moja, na mpaka leo ananibebea magunia."

"Kija, usinitanie. Hii ni sura ya mama yangu."

"Haya, basi sikutanii." Kija akatua ungo, akakaa kwenye ngazi. "Tuseme hiyo nzuri sana imefika. Hii hapa, shika. Utaanzia wapi? Jicho? Pua?"

Verdiana akaangalia chini uani kana kwamba jibu limeangukia mchangani. Machozi yakamlenga.

"Sijui," alisema kwa sauti ya chini. "Kija, nikifumba macho naona kitenge chake. Naona mikono yake inapepeta. Uso hauji. Nikimchorea baba halafu akaniambia huyu si Fausta, nitakuwa nimempoteza mara ya pili, na baba nimempotezea."

Kija, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akasema, taratibu, "Ng'wanawane, mwanangu, mwenye kumkumbuka yuko hapo ndani, na bado anaona kidogo. Akikuambia siye, si atakuambia yukoje? Lakini atakuambiaje kama hujachora kitu?"

Verdiana alifunga khanga yake, akatoka mbio kama aliyesikia moto.

Rénovat alipomwona alianza kujitetea kwamba hana mzigo mpya.

"Nipe ile inayomeza herufi."

"Ile? Dada, si uliikataa?"

Safari hii Verdiana hakuandika jina. Aliichovya kwenye wino, akachora jicho kwenye kipande cha boksi. Ukope wa juu ukatoka kwa pigo moja, mnene, mweusi tii. Akaugeuza mkono, ukope wa chini ukatoka mwembamba. Jicho likawatazama wote wawili kutoka kwenye kile kipande cha boksi.

"Ehe!" Rénovat akainama. "Mbona hapa haijameza kitu?"

"Kwa sababu nilikuwa naipima kama karani," alisema Verdiana, akalipa, akaondoka nayo.

Mchana ule jua lilitoka kati ya mvua mbili. Alimkalisha mzee nje, mahali penye mwanga, akachora harakaharaka. Mzee aliisogeza karatasi karibu na pua. Macho yake wakati huo yalikuwa yanaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kwa hiyo aliuona uso kipande kwa kipande: jicho, akasogeza, shavu, akasogeza, kidevu. Verdiana alisimama kama mshtakiwa.

"Siye," mzee alisema.

Verdiana akanyoosha mkono kuichukua karatasi.

"Ila umekaribia. Nyusi. Mama yako nyusi zake zilikuwa zinakaribia kukutana. Akikasirika zinakuwa moja."

"Mimi nakumbuka zimeachana, baba."

"Wewe ulikuwa unaziona akicheka. Zile nyingine alikuwa ananiwekea mimi." Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Na shavu la kushoto lilikuwa na kishimo. Kimoja tu. Nilikuwa namwambia Mungu alikuwa na haraka."

Kishimo! Neno lile lilipotamkwa, uso ulianza kumjia Verdiana, pole pole, kama mtu anayekuja kwa miguu kutoka mbali. Akachora nyingine palepale. Mzee akasema pua imezidi. Mvua ikawarudisha ndani, na ndani hakukuwa na mwanga wa kumtosha. Ikabidi wangoje jua. Siku nyingine jua lilitoka, mzee akasahihisha shingo. Siku nyingine lilitoka, akatazama sana, akasema mdomo unakaribia kuwa wenyewe. Katikati ya siku hizo aliongea habari za Fausta kuliko alivyoongea miaka yote ya ujane wake: alivyokuwa akiimba akipalilia, alivyomkataa mara ya kwanza, alivyomkubali kwa sharti la kuacha pombe ya mtama. Verdiana alisikiliza kalamu ikiwa mkononi. Lakini tundu la ufunguo lilikuwa linazidi kuziba, na mvua za masika hazikuwa na haraka ya kuwaachia jua.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, shangazi Specioza, dada yake mzee, alikuja kutoka Mpimbwe kumjulia hali. Alimkuta Verdiana mezani, ndiyo kwanza anaweka kalamu chini. Shangazi akachungulia juu ya bega lake. Kikapu kikamtoka mkononi.

"Wifi yangu," alisema. "Jamani, Fausta! Wifi yangu huyu!" Akakaa chini kwenye mkeka, akalia kama msiba umeingia leo.

Verdiana hakungoja wino ukauke vizuri. Aliibeba karatasi kwa ncha za vidole hadi nje, alipokuwa amekaa mzee. Jua lilikuwa kali, halina hata wingu.

"Baba, hii hapa. Shangazi amemtambua. Analia huko ndani."

Mzee Makarius aliipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea kitu altareni. Akaisogeza usoni. Akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia, akaitazama kwa muda mrefu sana. Alikuwa ameishika juu chini, kidevu cha Fausta kikielekea mbinguni.

Specioza, aliyekuwa amefika mlangoni, alifungua mdomo kusema. Verdiana akamshika mkono, akamtikisia kichwa.

"Nyusi umezipatia," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na kishimo."

"Kipo, baba. Cha kushoto."

"Huyu ndiye." Akaiweka karatasi kifuani, wino ukamgusa shati, wala hakujali. "Ahsante, mwanangu. Huyu ndiye mwenyewe."

Hakuna aliyemlaumu Verdiana, na mzee hakuwahi kusema kwamba hakuona. Lakini yeye mwenyewe alijua. Kalamu ilikuwepo sokoni tangu mvua za kwanza, mkono ulikuwepo, na macho yalikuwepo pia, wakati yeye anapima dhahabu na jina lake. Kweli, mchagua jembe si mkulima.