Mkeka wa Marehemu Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipanga vyumba, Jumanne moja saa mbili kasorobo asubuhi, Bwana Kindi aliinama kuokota ukindu, asiinuke tena. Alikuwa akisuka mkeka. Aliusuka miaka sita bila kuukata. Mjane wake, Bi Kindi, akabakia nao nyuma ya mlango, umekunjwa mnene kama gogo, umekula nusu ya chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, katika nyumba ya Mzee Tembo. Chumba cha pili alikipanga Bwana Nyati, na kabati lake jipya lilikuwa limekwama mlangoni.

Siku ya thelathini ya msiba, Nyati alimleta Tembo.

"Mzee, jionee mwenyewe. Hiki ni chumba au mfuko wa kanzu? Vunja ukuta unipe mimi. Huyu arudi kwenye tundu la mti."

Bi Kindi alijibu nyuma ya pazia, maana alikuwa katika eda. "Mume wangu amefia humu, jirani. Nikitoka, nitamkumbukia wapi?"

Tembo akajikuna sikio. Alipenda haki, ila mawazo yake yalitembea polepole. "Siku ya arobaini tutakuja kumwombea marehemu. Mimi na Nyati tukikaa vizuri, magoti yasigusane, chumba ni chako maisha. Tukibanana, ukuta unavunjwa."

Nyati akacheka, pua ikapiga filimbi. Fii, fii.

Bi Kindi hakuweza kutoka kutafuta ushauri, akawauliza waliopita dirishani. Wa kwanza alikuwa Kwera, yule ndege msuka viota.

"Kwera, ndugu yangu, kijumba chako kidogo hivyo, vitu unaviweka wapi?"

"Juu, dada. Mimi naning'iniza kila kitu. Sakafu ni ya kukalia tu."

Jioni Konokono akapanda ukutani, taratibu.

"Na wewe, shoga, una chumba kimoja. Huchoki?"

"Nichoke nini? Nikijikunja, nipo chumbani. Nikijinyoosha mlangoni, nipo sebuleni."

Bi Kindi akautazama ule mkeka nyuma ya mlango. Moyo ukaanza kumdunda, du, du, du. Hakulala vizuri tena hadi siku ile, kwa furaha ya mipango.

Kulipokucha siku ya arobaini, akaanza. Sufuria zikapanda darini kwa kamba. Kitanda kikafuata, kwichi, kwichi, kikaning'inia kama susu ya vyungu. Akaung'oa mlango. Kisha akausukuma mkeka wa mumewe. Ukabingirika, burururu, ukapita kizingiti ukakifunika, ukaenea baraza nzima, ukabaki kidogo wa kukunja. Pembeni na juu ya baraza akatundika leso zake zote, nyekundu na manjano, mpaka usingejua chumba kimeishia wapi. Mwenyewe akasimama akashangaa. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Hodi," alinguruma Tembo.

"Karibuni. Piteni ndani kabisa."

Nyati akatangulia, akakaa mwisho wa mkeka, akanyoosha miguu. Tembo akakaa nyuma yake, naye akanyoosha. Magoti yao yalikuwa mbali hata mbuzi angepita katikati. Wakasoma, wakaomba, wakala bokoboko.

"Nyati," alisema Tembo akijifuta mdomo, "hiki ndicho ulichokiita mfuko? Mimi kwangu sikai hivi. Bi Kindi, chumba ni chako maisha. Nimesema."

Hapo upepo ukaja, fyuu, leso zikapeperuka. Jua likampiga Tembo mgongoni. Akageuka. Mkia wake ulikuwa unafagia ngazi za baraza.

"Ulaghai huo," alifoka Nyati. "Mzee, umekaa nje."

Tembo akakunja uso. Bi Kindi akauliza nyuma ya pazia.

"Mzee wangu, siku ya arobaini ya mama yako, mimi na marehemu tulikaa wapi?"

"Uani. Ndani kulijaa."

"Na tulipotaka kuondoka, tukidhani hatukupata nafasi, ulituambiaje?"

Mkonga wa Tembo ukaanza kutikisika, na kicheko kikapanda toka tumboni. "Niliwaambia kaeni, mkeka wa arobaini popote ulipofika ni ndani ya nyumba yangu."

"Basi leo na wewe uko ndani ya yangu."

"Nipo ndani, mwanangu. Nyati, nenda kauze kabati."

Kwa hiyo, wanangu, kabla hujalilia udogo wa chumba chako, kunjua kwanza ulichonacho.

Na yule aliyeusuka mkeka ule, pamoja na wapenzi wetu wote waliotutangulia, Mola awasamehe, awapanulie makaburi yao, awatilie nuru. Amin.