Upande wa Pili wa Khanga

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana barafu za ukwaju zilikwisha kuanza kuuzwa kwenye vifuko vya nailoni, palikuwa na bibi aliyeitwa Mwanakheri. Bibi huyo alikuwa na wajukuu watatu. Wa kwanza Shemsa, wa pili Kombo, wa tatu Hidaya. Aliwatania kama bibi wa kwao anavyowatania wajukuu: Kombo alimwita mume wangu, na wale wasichana aliwaita wake wenzangu.

Asubuhi ya Idi, Bibi alitoa doti mpya ya khanga, nyekundu yenye maua meusi, pande zake mbili bado hazijatenganishwa. Na desturi ya watu wale ilikuwa hivi: mtu akikupa upande mmoja wa doti, naye akabaki na upande wa pili, basi amewaambia watu wote kwamba wewe na yeye ni kitu kimoja.

"Upande mmoja nitavaa mimi," alisema Bibi. "Upande wa pili nitampa atakayenionyesha twiga leo."

Watoto wakacheka.

"Twiga na urefu wote ule, Bibi?" alisema Kombo. "Huyo atajionyesha mwenyewe! Mpe yeye khanga."

"Kwa shingo ile, mume wangu, duka zima halitatosha."

Bibi alicheka pamoja nao, lakini alijua kitu ambacho wao hawakukijua. Tangu kabla ya mfungo, ukungu mweupe ulikuwa ukiingia machoni mwake. Kila wiki uliongezeka kidogo. Hakumwambia mtu, na maishani mwake hakuwahi kumwona twiga.

Basi wakaenda kwenye bustani ya wanyama, wao na mama yao, Maimuna. Wakaenda lini? Mchana! Maana nyumba ile, siku ya Idi, hakuna anayevuka kizingiti kabla pilau halijaiva na kuliwa. Pilau lilichelewa kuiva, na likaliwa polepole. Walipofika, jua lilikuwa utosini, na wanyama, ambao hawali pilau wala hawajui Idi, walikuwa wamekwisha kulala vivulini.

Walifika kwa simba. Simba alikuwa amelala mbali, chini ya kichaka. Bibi alishika uzio, akatazama mbele.

"Mashallah," alisema. "Simba mnene! Tazameni alivyotulia."

Shemsa na Kombo wakaitikia bila kugeuka, maana walikuwa wanagombania barafu. Hidaya peke yake alifuata macho ya Bibi. Bibi alikuwa anasifu kichuguu.

Wakafika kwa chui. Bibi akasifu gogo. Hidaya akamvuta mkono, akanong'ona, "Bibi, huoni?"

"Shh, mke mwenzangu. Mama yako akijua atanikalisha langoni na vikapu. Usimwambie mtu."

"Simwambii."

Hidaya akatembea naye, mkono kwa mkono. Kila walipofika alimnong'oneza: huyu yuko kulia, Bibi, huyu amelala chali, huyu ana mtoto mgongoni. Lakini moyo wake haukutulia. Kumsikia twiga si kumwona twiga. Mwishowe akawaita dada yake na kaka yake nyuma ya banda la kasa, akavunja ahadi. Aliwaambia wao tu, hakumwambia mama. "Bibi haoni kitu cha mbali. Twiga asipomjia hadi usoni, hatamwona kamwe maishani."

Hilo ni la Hidaya. Liwekeni pembeni.

Sasa, pale bustanini palikuwa na jukwaa la mbao, refu kama paa la nyumba. Aliyepanda juu na tawi la mgunga mkononi aliweza kumlisha twiga, wakatazamana ana kwa ana. Lakini huwezi kupanda bila tiketi. Siku ile, kila mtoto alipewa langoni tiketi moja ya sikukuu: apande ngamia, ama apande jukwaa. Wakubwa hawakupewa, wala hazikuuzwa.

Hidaya alikuwa amekwisha kupanda ngamia, tiketi yake imechanwa. Shemsa alikuwa na yake, lakini Bibi asingeweza kuzipanda ngazi zile peke yake, na mikono yake ilitetemeka. Lazima mtu ampeleke na kumshikia tawi. Ikabaki tiketi ya Kombo.

Kombo alikuwa wapi? Alikuwa amerudi mbio kwenye foleni ya ngamia, mbele kabisa. Mwaka mzima alikuwa akimsema ngamia. Akila, ngamia. Akioga, ngamia. Na sasa ngamia mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele yake, na kengele shingoni.

"Kombo," alisema Shemsa, "tunaitaka tiketi yako."

"Sitaki!"

"Ni ya Bibi."

"Na mimi je? Kwa nini mimi? Kila siku mimi!"

Kombo akalia. Akapiga teke mchanga. Akasema hawapendi wote, na Idi haipendi, na ngamia hampendi. Kisha akamwekea Shemsa tiketi kiganjani, akageuka upande mwingine asimwone mtoto mwingine akipandishwa.

Hilo ni la Kombo. Liwekeni pembeni.

Shemsa akampandisha Bibi, ngazi moja, pumziko, ngazi nyingine, pumziko. Juu hapakuwa na paa. Mbao zilichoma hadi ndani ya viatu. Twiga alikuwa kule mbali, kivulini, akitafuna na kuwatazama kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya asiowajua.

"Nyoosha tawi, ulitulize," alisema dada mlinzi wa jukwaa. "Likitikisika, haji."

Shemsa akanyoosha. Watu waliokuwa pale nao wakanyoosha ya kwao. Wakangoja. Jua likawachoma. Mmoja akashuka, "Twiga gani huyu, ana maringo!" Mwingine akashuka. Wote wakashuka. Shemsa akabaki, gauni jipya la Idi limemganda mgongoni, mikono inamuuma, kisha imekufa ganzi, kisha haijui hata kama ni yake.

"Shusha, mwanangu," alisema Bibi. "Basi. Inatosha."

"Bado, Bibi."

Ndipo twiga akaondoka kivulini. Akaja polepole, mguu baada ya mguu, akainamisha kichwa juu ya jukwaa. Pumzi yake ikampiga Bibi usoni. Ulimi ukatoka, ukajizungusha kwenye tawi, na ute ukalichuruzikia gauni la Idi.

Bibi Mwanakheri akatazama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakubahatisha.

"Ana kope!" alipiga kelele. "Jamani, ana kope kama bi harusi! Na ulimi mweusi, kama aliyekula zambarau!"

Akacheka, akacheka, kisha akajifuta uso. Hakusema kama ni jasho.

Hilo ni la Shemsa. Liwekeni pembeni.

Waliposhuka, walikaa mkekani chini ya mti wa mkungu. Bibi akatoa ile doti, akang'ata uzi wa katikati, akaipasua: chrrr! Upande mmoja akajifunga. Upande wa pili akaushika mkononi.

"Haya. Nani kanionyesha twiga?"

"Mimi," alisema Shemsa. "Wengine wote walishuka, mimi sikushuka. Nisingelishika lile tawi, twiga angekuwa kule kule kivulini mpaka sasa."

"Wewe ungepanda tu hata hivyo, tiketi ulikuwa nayo!" alisema Kombo. "Umemwona twiga, umemlisha, umepoteza nini? Mimi ndiye ambaye sikupanda kitu. Ngamia alikuwa amekwisha kunipigia magoti!"

"Uliitoa huku unalia."

"Kwani ningecheka?"

"Na khanga utaivaa wapi, mwanamume mzima?"

"Nitajifunika usiku. Bibi ni mke wangu, si wako."

Bibi akamgeukia mdogo. "Na wewe, Hidaya?"

Hidaya akainamisha kichwa. Angewezaje kudai, na mama yake ameketi pale pale? Dai lake na siri ya Bibi vilikuwa kitu kimoja.

Bibi akaelewa. Akamwambia bintiye, "Maimuna, macho yangu yana ukungu. Leo mimi nimesifu kichuguu. Huyu mtoto ndiye aliyejua."

"Mama! Tangu lini? Mbona hukuniambia?"

"Ungenileta huku?"

Maimuna akasogea karibu. Akausogeza mkono wa mama yake kwenye mapaja yake, akaushika. "Jumatatu tunakwenda hospitali," alisema. "Wewe na mimi."

"Sasa sema, Hidaya," alisema Bibi.

Hidaya akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuona, Bibi. Wao waligombania barafu. Kama nisingekuona, nani angelitafuta tawi, na nani angeiomba tiketi?"

"Lakini uliambiwa usiseme," alisema Kombo, "ukasema!"

"Nilisema kwako. Ungependa nisiseme?"

Kombo akageuka kuitazama foleni ya ngamia.

Basi wanangu, Bibi ameketi mkekani, upande wa pili wa khanga uko mkononi mwake, na khanga ikikatwa vipande vitatu inakuwa matambara. Mmoja alimwona Bibi, akavunja ahadi kwa ajili yake. Mmoja aliacha alichokitamani mwaka mzima, akaacha kwa machozi. Mmoja alisimama juani hadi twiga akaja, na yeye pia akamwona twiga. Bibi anawatazama kwa macho yake yenye ukungu, mmoja mmoja, na bado hajanyoosha mkono.

Je, ninyi mngempa nani?