Kwa Nini Mawe ya Mwachenga Huoshwa Kabla ya Kupewa Nyumba

"Hili halichomwi," alisema Haluwa, na akalikalia lile jiwe.

"Toka hapo, mke wangu," alisema Babu Tsuma, maana ndivyo babu anavyomwita mjukuu wake wa kike, hata akiwa amekasirika. "Kuni zimeshapangwa. Jiwe lililopinda halina nyumba, na lisilo na nyumba ni chokaa."

"Nani kasema halina nyumba?"

"Mimi. Na aliyenifundisha. Na aliyemfundisha yeye."

"Basi mmekosea wote watatu."

Wanawake waliokuwa wakiponda mawe kando ya tanuri waliacha nyundo zao. Mmoja alicheka, kisha akajikohoza ili isijulikane.

Wakati huo mambo ya Mwachenga hayakuwa kama yalivyo leo. Kilima chetu kilikuwa chini ya bahari zamani sana, kabla hakujawa na mtu wa kukipa jina. Hilo kila mtu alilijua, kwa sababu kila walipochimba mawe ya kuchoma chokaa walikuta makombe ya bahari yaliyogeuka jiwe. Mengine yalikuwa yamenyooka kama mchi, marefu kuliko mkono wa mtu mzima. Mengine yalijiviringa kama chatu aliyelala. Wazee waliamini kwamba hao ndio waliokuwa wenyeji wa kilima, na kwamba sisi tuliokuja baadaye tulipaswa kuwatunza kwa ukoo wao, ndugu na ndugu, la sivyo tanuri lingepasuka na mvua ingepita kando.

Kwa hiyo walijenga vibanda viwili vya makuti. Kibanda cha juu kiliitwa Nyumba ya Walionyooka, na cha chini Nyumba ya Waliojiviringa. Kila jiwe lililochimbwa zima lilipelekwa kwa mtunzaji. Yeye alilitazama umbo lake, akalitajia nyumba yake, akaliweka. Kisha kila mwaka kabla ya mvua aliyapaka mawe yote chokaa nyeupe kwa heshima, mpako juu ya mpako, mpaka yakawa laini kama mayai na usione mstari hata mmoja. Mtunzaji wa siku hizo alikuwa Babu Tsuma.

Lakini palikuwa na mawe ambayo hayakunyooka wala hayakujiviringa. Yalipinda kidogo tu, kama pembe la ng'ombe. Hayo hayakuwa na nyumba. Yalitupwa tanurini.

Na kama hilo lingeishia kwa mawe, pengine pasingekuwa na kisa cha kusimulia. Sheria ya mawe ilihamia kwa watu. Wakati wa mavuno, kila kijana aliyekomaa alipewa kigoda katika nyumba ya baba yake, na mtoa vigoda alikuwa mtunzaji yuleyule. Aliwatazama vijana kama alivyotazama mawe. Aliyezaliwa na kiungo kilichopinda hakupewa kigoda. Aliishi kando ya tanuri na waponda mawe, akala wenzake wakishamaliza, na alipokufa hakuna aliyelitaja jina lake kwenye tambiko.

Haluwa alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda kuanzia gotini. Mavuno yalikuwa yamebaki siku tisa. Kwa hiyo kila mtu aliyekuwa pale tanurini alielewa kwamba msichana yule hakuwa akitetea jiwe tu.

Babu Tsuma alimtaka aseme jiwe lile lilikuwa la nyumba gani, kama alijua sana.

"La nyumba ya juu," alisema Haluwa. "Na la nyumba ya chini. Hao wote ni ukoo mmoja."

"Mchi na chatu, ukoo mmoja!" Babu aliwageukia watu. "Mnamsikia?"

"Babu, wewe umewahi kuvunja jiwe?"

Alikuwa hajawahi, kwa sababu mtunzaji hakuruhusiwa kuvunja kitu. Alishika mawe mazima tu. Aliyekuwa akivunja ni Haluwa, aliyekuja tanurini angali mdogo kwa kuwa walijua mapema kwamba kigoda hatapata. Alikuwa amevunja makombe yaliyopinda mamia, pamoja na yaliyonyooka na kujiviringa yaliyotoka machimboni yakiwa vipande. Aliona kwamba kila kombe ndani lina vyumba, kimoja nyuma ya kingine, na kati ya chumba na chumba pana ukuta mwembamba. Katika yale yaliyonyooka, kila ukuta ulikuwa umebonyea kama kisahani, na katikati yake pana tundu la mrija uliopita vyumba vyote. Katika yaliyopinda, vilevile. Katika mengi ya yaliyojiviringa, vilevile. Ilikuwa kama mtu mmoja aliyejenga nyumba yake kwa namna moja, ila siku moja akaijenga wima, siku nyingine akaizungusha.

"Tuoshe mawe matatu," alisema Haluwa. "Moja la juu, moja la chini, na hili. Tuyasugue mpaka ndani yaonekane. Nikiwa nimekosea, sitangoja mavuno. Nitashuka kilima kesho asubuhi."

Babu Tsuma alikataa. Alisema kuwaondolea wenyeji wa kilima chokaa ni kuwavua nguo mbele za watu.

Hapo Nyanya Nyevu, mkubwa wa waponda mawe, aliinuka kwa shida akipangusa vumbi mapajani. "Tsuma," alisema, "mimi naponda mawe tangu wewe unafukuzwa na kuku. Acha mtoto aoshe. Aibu ya waliokufa zamani hivyo tutaibeba sisi."

Watu wakacheka, na mtu akishachekwa hadharani ni vigumu kukataa tena. Mawe yakaletwa.

Haluwa aliyasugua kwa mchanga na maji juu ya bamba la jiwe lenye makali. Ilikuwa kazi ndefu. Maji yaligeuka meupe kama tui. Kila mtu alisimama, hata wale waliosema wana haraka. Nusu ya ubavu wa jiwe lililonyooka ilipolika, visahani vilionekana, kimoja ndani ya kingine, na mrija katikati. Alilisogeza, akachukua lililojiviringa. Visahani, na mrija katikati. Kisha akageukia lile alilokuwa amelikalia, akalisugua kwa mikono iliyokuwa imeanza kutoka damu kwenye vidole. Visahani, na mrija katikati.

"Haya, tazameni," alisema. "Nioneshe, Babu, ni yupi hapa asiye na ndugu."

Babu Tsuma alizunguka yale mawe mara mbili. Halafu akaamuru aletwe Mkuu. Hili lilikuwa jiwe kubwa kuliko yote, limejiviringa vizuri kama kata ya kubebea mtungi, limewekwa mlangoni mwa Nyumba ya Waliojiviringa, na kwa kuwa liliheshimiwa zaidi lilikuwa na chokaa nene zaidi. Babu alidhani kwamba Mkuu angemwaibisha msichana kwa kutofanana na lile lililopinda. Kama ni ukoo, basi Mkuu ndiye ukoo wenyewe.

Wanaume wanne walilibeba. Haluwa alisugua na Nyanya Nyevu akamwagia maji. Chokaa ilipoisha, mistari ya kuta ilitokea juu ya jiwe, na haikuwa mistari laini hata kidogo. Ilikuwa imekunjamana na kuchanika kama jani la mpapai. Walipozidi kusugua wakauona mrija. Haukuwa katikati kama wa yale matatu. Ulipita pembezoni kabisa, chini ya mgongo wa nje.

Kwa vizazi vyote hivyo walikuwa wamemweka mgeni mlangoni na kuwatupa wana wa nyumba motoni.

"Basi," alisema Babu Tsuma, na sauti yake ilikuwa imekauka, "huyu ndiye wa kuchomwa."

"Hapana," alisema Haluwa. "Hachomwi yeyote. Huyu naye ana ukoo wake, ila si huu. Ajengewe kibanda chake."

Wanawake wa tanuri hawakungoja ruhusa. Siku hiyohiyo walikata miti, na jioni kibanda cha Wenye Kuta za Jani kilikuwa kimesimama, bado bila makuti. Waliyatoa mawe yote, wakayaosha, wakayapanga upya. Vibanda viwili vya zamani wakaviunganisha kuwa kimoja kirefu, na yaliyopinda wakayaweka katikati, baina ya yaliyonyooka na yaliyojiviringa, mahali ambapo yalionekana kama hatua za mtu anayegeuka polepole kutazama nyuma.

Babu Tsuma hakuzuia. Alikaa kwenye gogo akitazama. Ila Haluwa alipopita karibu naye na debe la maji, alimwambia kwa sauti ya chini: "Kwenye mawe umeshinda. Lakini mawe ni mawe. Mguu wako bado umepinda, na vigoda natoa mimi."

Haluwa alikwenda kuteka maji mengine.

Na tangu siku hiyo, hakuna mtu wa Mwachenga anayelitajia jiwe nyumba kabla ya kuliosha. Ukiokota kombe la jiwe kwenye kilima chetu, hata kama limenyooka mbele ya macho yako, hutasema ni la nani. Utalipeleka kwa mtunzaji, naye atalisugua ubavu kwa mchanga na maji, atatazama kuta kama ni visahani au ni jani, atautafuta mrija kama uko katikati au pembezoni, ndipo atakapofungua mdomo. Hayapakwi chokaa tena. Na mtunzaji huchaguliwa miongoni mwa waponda mawe, kwa sababu wao ndio walioona ndani. Wengi wamekuwa wanawake. Wa kwanza alikuwa Haluwa.

Hakuchaguliwa kwa huruma; kigoda chake alijipatia mwenyewe. Siku ya mavuno, vijana walipoitwa mmoja mmoja na jina lake likarukwa, alichukua kipande cha mbao alichokichonga kwa mkono wake kikawa kigoda, akakibeba kichwani, akapanda njia ya nyumba ya baba yake akichechemea mbele ya watu wote. Babu Tsuma alikuwa amesimama mlangoni, fimbo yake imekingama kutoka mwimo hadi mwimo. Alimwuliza anakwenda wapi. Haluwa alikitua kigoda chini, akaifuta miguu yake vumbi, wa kushoto kwanza na kisha ule uliopinda, na akasema:

"Sogea kidogo, Babu. Nimekuja kukaa, sikuja kuomba."