Hakimu na Mipira ya Hewa

Palikuwa na hakimu mmoja aliyetaka kila kitu kijieleze mbele yake, hata injini ya gari. Jina lake Tungaraza. Gari lake lilikuwa kuukuu, la enzi za kabureta, lile ambalo ukifungua boneti unakuta mipira myembamba imetapakaa juu ya injini kama tambi. Mipira ilipasuka kwa uzee, gari likawa linazimika kila likisimama. Akaitwa Fundi Chiduo, maskini mwenye gereji ya mabati manne na mdomo usio na breki. Chiduo alishinda kutwa nzima akibadilisha mpira mmoja mmoja, kila mmoja kaufunga uzi wa rangi yake asije akauchanganya na mwenzake. Jioni gari likanguruma kwa adabu.

Jumamosi hakimu akafungua boneti mwenyewe. Akachomoa mpira, akaukung'uta. Hakuna petroli. Akachomoa wa pili. Hakuna maji. Wa tatu, hata oili hakuna. Akaona kaibiwa, akaichomoa yote kumi na mmoja, akaitia kwenye ndoo. Kuwasha gari, likatetemeka, likakohoa, likazimika.

Mwingine angeona haya. Huyu akatuma askari. Jumatatu Chiduo yuko kizimbani. Mlalamikaji hakimu, shahidi hakimu, na pale juu mezani, nani tena? Kidhibiti kilikuwa ile ndoo.

“Mipira hii inapitisha nini?” akauliza hakimu.

“Hewa, mheshimiwa.”

“Petroli?”

“Hata tone.”

“Maji?”

“Ikipitisha maji tumekwisha.”

“Kumbe umenifungia mipira kumi na mmoja ya hewa tu.”

“Injini inavuta kwa mipira hiyo, mheshimiwa. Ukiichomoa, inavuta hewa mahali pasipotakiwa, ndiyo maana inazimika.”

“Sikukuuliza hayo. Hewa inaonekana?”

“Haionekani.”

“Inashikika?”

“Haishikiki.”

“Basi si kitu.”

Chiduo akamgeukia karani, Bi Mwasiti. “Mama, hilo umeliandika? Nisije nikamsingizia mheshimiwa.”

“Andika,” hakimu akasema, kifua mbele. “Hewa si kitu. Na upige mstari chini yake.”

Bi Mwasiti akaandika, akapiga mstari.

“Fundi Chiduo, kwa kumfungia mtu kisichokuwa kitu, nakuhukumu jela miezi sita. Na gereji yako ivunjwe leo hii.”

Benchi la nyuma, mke wa Chiduo akajifunika kanga usoni. Gereji ile ndiyo iliyokuwa inawalisha, hawakuwa na kingine. Chiduo mwenyewe akainama, akachungulia chini ya kizimba, akapapasa mbao huku na huku.

“Unatafuta nini?” hakimu akafoka.

“Hiyo miezi sita, mheshimiwa. Imetoka wapi?”

“Imetoka kinywani mwangu. Huna masikio?”

“Ninayo. Lakini siioni, na nikiipapasa haishikiki. Kilichotoka kinywani mwako ni nini hasa?”

Bi Mwasiti akausoma tena ule mstari wake, taratibu, midomo ikimcheza.

“Kama ni hewa,” akasema Chiduo, “basi si kitu, umeandikisha mwenyewe, nami naomba nikafungue gereji. Na kama hewa ni kitu, mheshimiwa, shuka hapo tubadilishane, maana kizimba hiki ni cha aliyechomoa mipira.”