Rangi ya Sultani Itangulie

Palikuwa na Sultani mmoja, Taifuri jina lake, aliyetaka kutangulia katika kila jambo isipokuwa kutoa. Msikitini alikaa safu ya mbele hata akichelewa. Karamuni alinawa wa kwanza. Mwaka ambao Mola aliizuia mvua, watu wa mji walichanga nafaka ya kuwapikia wenye njaa. Yeye, mwenye ghala lililojaa hadi darini, akatoa pishi moja ya mtama. Msiniulize kuhusu mtama wenyewe. Wadudu nao ni viumbe vya Mungu.

Kisha akaamuru michango yote ichorwe kwenye ukuta wa soko, ili vizazi vione.

Kazi hiyo akapewa Bi Tatu binti Kombo, mjane aliyeishi kwa kupaka nyumba za watu chokaa, na mwenye ulimi ambao majirani waliuombea dua, wengine upone, wengine uishi miaka mingi. Bi Tatu akachora nguzo, kila kundi na nguzo yake, urefu kwa kadiri ya mchango. Wafinyanzi akawapa nili, wachukuzi wa maji manjano, wachimba makaburi masizi, na Sultani ngeu nyekundu. Pembeni akaweka ufunguo: vidoa vya rangi, na mbele ya kila kidoa jina, ili asomaye ajue rangi ipi ni ya nani. Akaupanga kwa haki, aliyetoa zaidi juu, aliyetoa kidogo chini. Mizani ya Kiyama haitauliza kilemba cha mtu. Bi Tatu naye hakuuliza.

Sultani akapita kukagua, akajikuta chini ya wachimba makaburi.

"Rangi yangu itangulie katika ufunguo," akasema. "La sivyo, kesho utautafuta mkono wako wa kulia usiuone."

Bi Tatu akautazama mkono wake. Chokaa ilikuwa imeingia katika kila mkunjo, nao ndio uliomlisha tangu mumewe arejee kwa Mola wake.

"Nimesikia, Maulana."

Akaipandisha ngeu juu kabisa ya ufunguo. Nguzo hakuzigusa, kwa kuwa hakuambiwa aziguse.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Watu wakatoka kuswali, wakasimama mbele ya ukuta, wakasoma ufunguo kuanzia juu, kama asomavyo kila mwenye macho: ngeu, Sultani Taifuri. Wakainua nyuso kuitafuta nguzo nyekundu. Hawakuiona. Mchukuzi mmoja akapiga magoti, akaikuta karibu na ardhi, fupi kiasi kwamba kuku angeivuka bila kukunjua bawa.

"Ipo," akawaambia wenzake. "Alhamdulillahi, ipo."

Kicheko kikafika ikulu kabla ya Sultani kuvua viatu.

Bi Tatu akaletwa mbele yake. Askari mwenye upanga akasimama upande wa mkono wa kulia.

"Umenifanya kichekesho," Sultani akasema.

"Nimekutanguliza, Maulana, kama ulivyoamuru."

"Umeniibia heshima yangu. Na mwizi hukatwa mkono."

"Hukatwa akiiba kitu kilichohifadhiwa. Nioneshe heshima hiyo ilihifadhiwa wapi, nami nitakiri."

Askari akakohoa. Sultani akamtazama, naye akakoma.

"Niweke katikati ya ufunguo, basi."

"Macho ya watu yatashuka nguzo vizuri kama ngazi, Maulana, kisha yatumbukie shimoni, kisha yapande tena. Wataniuliza shimo ni la nani."

"Niweke mwisho."

"Ndiko ulikokuwa mwanzoni. Ndiko kulikoutia mkono huu mashakani."

"Ufute ufunguo wote. Zibaki rangi tupu."

"Rangi zisipokuwa na majina, kila kundi litadai nguzo ndefu. Ile fupi itabaki yatima, na mji mzima utageuka kumtazama ambaye hajadai kitu."

"Basi wafute wengine. Nibaki peke yangu."

"Ukuta mweupe, na alama moja nyekundu chini? Watadhani mtu ametema tambuu."

Sultani akainuka kitini. "Mwanamke, unajua unazungumza na nani? Mimi ni kivuli cha Mungu juu ya nchi."

"Kivuli, Maulana, mahali pake ni chini."

Upanga ukatoka alani. Midomo ya Bi Tatu ikatamka shahada pasipo sauti. Lakini alipoinua macho alimwona Sultani jinsi alivyo: mtu aliyeshiba kwa miaka yote, na bado akiomba, mbele ya ukuta, sadaka ya jina. Akamhurumia, kama anavyohurumiwa mgonjwa aliyefumba kinywa mbele ya dawa.

Sultani naye akaiona huruma hiyo, akaketi tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Niambie kweli. Uko mpangilio wowote ambao mimi nitatangulia, na watu wasicheke?"

"Uko, Maulana."

"Ufanye sasa hivi."

"Siuwezi. Mimi nina ufunguo wa ukuta tu. Huo unataka ufunguo wa ghala."