Kisigino cha Bibi wa Kitanda cha Nne

Wapendwa, kabla kwaya haijasimama kutuongoza katika nyimbo za shukrani, nipeni dakika chache tu.

Palikuwa na binti mmoja aliyesomea uuguzi, mwaka wa kwanza. Darasani alikuwa moto, ila mtihani wa vitendo ulimshinda. Mara ya kwanza akafeli. Alimwogesha mgonjwa kitandani vizuri, akatandika shuka likanyooka, kisha akasahau kukagua visigino. Nanyi mliowahi kuuguza mtu asiyeamka mnajua, vidonda vya kulalia hupenda sana kuanzia pale. Akaambiwa: utarudia, na ukifeli tena unarudi kwenu.

Siku ya kurudia akapangiwa bibi wa kitanda cha nne. Bibi huyu alikuwa amepooza upande wote wa kulia, na kwa miezi miwili wanafunzi wa darasa zima walikuwa wakijifunzia kwake. Huyu kammwagia maji ya baridi, yule kamvuta badala ya kumgeuza, na mwalimu wao kasimama hapo hapo anawafokea. Nawaulizeni, nani kati yetu angegeuzwageuzwa na watoto wasiojua kazi, miezi miwili, asitoe hata neno moja kali?

Binti akamwamkia bibi, akamweleza anachotaka kufanya, akaomba ruhusa, akavuta pazia. Akapima maji kwa kiwiko. Akamwogesha uso, mikono, mgongo, miguu, akamkausha, akamvisha gauni. Mwalimu kashika kalamu, anafuatilia. Binti akachukua shuka amfunike, moyoni anasema, Mungu wangu, nimemaliza salama.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "hebu niangalizie kisigino cha kulia. Kinaniwasha."

Binti akainama. Ngozi ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na alipoigusa ilikuwa na joto. Akamweleza mwalimu, akaweka mto chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro. Mwalimu akaandika, akafunga daftari. Amefaulu!

Walipotoka nje ya wodi furaha ikamshinda. "Mwalimu, namshukuru Mungu bibi aliwashwa. Ningesahau tena!"

Mwalimu akamtazama. "Kisigino kipi kilimwasha?"

"Cha kulia."

"Kasome faili lake."

Akasoma. Upande wa kulia hauna hisia. Mguu ule haukuwa ukisikia hata sindano! Binti akarudi mbio kitandani.

"Bibi, mguu huu hausikii kitu."

"Nani kakwambia?"

"Faili."

"Faili hilo lina umbea." Bibi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana ule mwingine ulikuwa haucheki. "Miezi miwili namsikia mwalimu wenu anapiga kelele, visigino, visigino. Na mimi nimesoma, mjukuu wangu, humu humu kitandani. Nikuone umeshika shuka, unakwenda kurudishwa kwenu, ninyamaze?"

Binti akapiga magoti, akaushika ule mkono usio na nguvu, akalia. Akasema asante, asante, mpaka bibi akamwambia basi, utanilowesha shuka ulilolitandika mwenyewe.

Msiniulize kama ule ulikuwa udanganyifu wa mtihani. Binti mwenyewe alikwenda kukiri, na mwalimu akamjibu, "Mgonjwa alisema, wewe ukasikiliza, ukaangalia. Hiyo ndiyo kazi niliyokufundisha." Alama zikabaki. Lakini angalieni jambo hili: muwasho ulikuwa wa uongo, kidonda kilikuwa kinaanza kweli, na bibi hakujua! Alitaka kumwokoa mtoto wa watu, kumbe anaokoa mguu wake mwenyewe.

Sasa sisi. Mimi mahubiri yangu ya kwanza yalikuwa mabaya, jamani, na kuna wazee walikaa mpaka mwisho wakaniitikia "amina". Wewe mwalimu, kuna darasa lilivumilia mwaka wako wa kwanza. Wewe fundi cherehani, kuna mtu alivaa gauni lako la kwanza akaenda nalo harusini. Tunawashukuru waliotupa vyeti, na ni vyema. Je, wale waliotufundisha huku tukidhani sisi ndio tunaowahudumia, nani amewashukuru?

Wengi wenu mna mgonjwa nyumbani, mama aliyepooza au babu asiyeinuka. Kila siku unamwogesha, na kila siku unangoja akwambie asante, na asipoisema unanuna. Leo nenda umwogeshe. Mkaushe, mgeuze pole pole, mfunike. Halafu asante useme wewe.