Mteremko Unaojaza

Wapendwa, leo naomba mnivumilie. Nitawapandisha mlimani kisha nitawashusha, na dawa yenyewe iko kwenye kushuka.

Kulikuwa na mpima macho mmoja. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa mlimani, kule ambako ukungu wa asubuhi unaingia jikoni bila hodi. Kazi yake ilikuwa bondeni, katika hospitali ya mjini. Gari lake la mafuta lilikuwa linameza mshahara kabla haujafika kwa mkewe, kwa hiyo aliliuza, akapanga chumba mjini, akawa anarudi kwake mwisho wa wiki tu. Alikuwa na binti mdogo, Namsifu. Jumamosi moja baba amekaa na kikombe chake cha chai, mtoto akavuta kanga ya mama yake akanong'ona, "Huyu baba leo analala hapa?"

Yule bwana alisikia. Ninyi wazazi mnajua neno kama hilo linavyochoma.

Basi akatafuta gari la umeme. Si yale ya wakubwa. Lilikuwa gari dogo, lililokwisha kutumika, la bei ya mtu wa kawaida, lile unalolichomeka ukutani jioni kama simu na asubuhi unakwenda nalo kazini. Majirani wakaliita pasi, kwa sababu linachomekwa. Aliwaacha wacheke. Sasa alikuwa analala kwake kila siku.

Shida ilikuwa jioni, wakati wa kupanda. Umeme wa kule juu ni mdhaifu, betri haijai, nayo ilishazeeka kidogo. Mara kwa mara gari lilizimika kona ya mwisho, taa ya nyumba yake anaiona kabisa, majirani wakashuka kulisukuma huku wakimtania kuhusu pasi. Siku moja katika kusukuma huko vumbi likamwingia jichoni. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, kwamba gari halijaumbiwa milima. Amepata mtu wa kulinunua, kesho atalipeleka, naye atarudi kwenye kile chumba cha mjini.

Sasa niwaambie alichokuwa anafanya bwana huyu kila asubuhi. Udereva alifundishwa na mjomba wake, dereva wa lori, mtu hodari, na mjomba alimwachia siri moja: mafuta ni mali, mteremko ni wa bure. Ukifika mteremkoni toa gia, weka frii, acha gari lijiteremkie lenyewe, kazi yako iwe breki. Wangapi humu mmefundishwa hivyo? Msinyooshe mikono, hata askari wa barabarani wanasali hapa. Basi naye, kuanzia kona ya kwanza mpaka bondeni, alitoa gia na kukanyaga breki. Akifika chini magurudumu yananuka kuungua, naye anajisifu kwamba leo hajagusa chaji.

Asubuhi ya kwenda kuliuza, jicho likawa limevimba. Mpima macho, jamani, na jicho limefumba! Ikabidi mkewe aendeshe. Mama huyu alijifunza kuendesha kwa gari hilo hilo, katika uwanja wa kanisa, na hakuwahi kuendesha jingine. Akakamata usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha uji wa moto.

Walipofika kona ya kwanza mume akamwambia, "Toa gia, Mama Namsifu. Unalibana gari, linakula chaji bure."

"Nikitoa gia naogopa," mke akasema. "Niache nishuke nalo, Baba Namsifu. Mbona lenyewe linajizuia?"

Na kweli, kila alipoinua mguu, gari lilijivuta nyuma taratibu, kama ng'ombe anayeijua njia. Mume akanuna. Aliona chaji yake inateketea mbele yake, akaamua kulifumba hata lile jicho zima.

Walipofika chini mama akasimama kando ya barabara. Safari hii hakuna kilichonuka.

"Kule juu chaji ilikuwa asilimia sitini," akasema. "Hebu tazama kwa jicho hilo zima. Unaona nini?"

Swali hilo yeye huwauliza wagonjwa kutwa nzima. Akatazama. Sitini na sita. Akafuta kioo cha kipimo kwa kiganja, akatazama tena. Sitini na sita. Hapakuwa na waya, hapakuwa na mtu aliyechomeka kitu. Maana gari la namna ile, ukiliacha kwenye gia, mteremko unazungusha magurudumu, magurudumu yanazungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Mlima wenyewe ulikuwa unalijaza! Wapendwa, jambo hili nikilifikiri mwili unanisisimka. Yule bwana alivua kofia humo humo ndani ya gari.

"Kumbe siku zote mlima ulikuwa unanipa," akasema, "na mimi nikitoa gia."

Na ile harufu ya breki je? Ile ndiyo iliyokuwa chaji yake ya kona ya mwisho. Kila asubuhi aliichoma kwa mguu wake mwenyewe.

Kwa mnunuzi walipita bila kusimama. Jioni wakapanda, wakaifikia kona ya mwisho, wakaipita. Namsifu alikuwa mlangoni. Hakumuuliza baba yake kama atalala. Alimuuliza mbona amechelewa.

Sasa turudi kwetu. Sisi kuomba wakati wa kupanda tunajua. Tukitaka kazi tunafunga, tukitaka mtoto tunakesha. Lakini mteremko ukija, kazi imekwisha, ugonjwa umeingia, uliyemtegemea umemzika, tunafanyaje? Tunatoa gia. Ibada tunaacha, jirani hatumsalimii, tunasema liwalo na liwe. Tunabaki na breki tu, nyumba nzima inanuka uchungu wetu, kisha jioni tunamlaumu Mungu kwamba mlima ni mrefu.

Sisemi mteremko ni mtamu. Yule mama mikono yake ilitoka jasho mpaka bondeni. Nasema alishuka ameshikana na gari lake, na kule alikokuwa anaogopa ndiko alikokuwa anajazwa. Bwana wetu naye alishuka, akashuka mpaka kaburini, wala mkono wa Baba yake hakuuachia.

Wewe uliyeingia humu leo unanuka breki, unajijua. Rudisha gia, ndugu yangu. Nyumbani kwako kuna mtoto anauliza kama utalala.